Nyumba Tuliyoinunua Mtanda

Nyumba ile ya Mtanda ilinunuliwa kwa vikuku vyangu vya fedha, na niliviuza huku roho inaniuma. Nikamwambia mume wangu, "Visiporudi kwa kodi ya wapangaji, utanitambua." Watu wa bara walikuwa wanakimbilia kwetu Lindi kwa sababu ya vita, chumba hakipatikani, nasi hatujawahi kupangisha hata banda.

Basi akanunua. Kwa nani? Kwa ndugu wawili wa marehemu mwenye nyumba, kaburi halijakauka!

"Na mjane?" nikauliza.

"Yumo ndani, anakaa eda. Ikiisha atarudi kwao."

Lo! Mwanamume mzima ananunua nyumba yenye eda, wala hawezi kuingia kuangalia kama paa linavuja. Wapangaji walikuja, wakasikia, wakageuza. Askari wa boma hakugeuza. Alidai kodi ya nyumba kwa mwenyewe mpya. Tukalipa, maana asiyelipa alipelekwa kuvunja mawe. Usingizi ukanihama kabisa.

Nikaenda mwenyewe na bakuli la uji. Mjane alikuwa mkekani, kajifunika. Aliponyanyuka kunipokea nikaliona tumbo.

"Hamkuambiwa, dada?" akasema. "Shemeji zangu wanajua."

Eda ya mwenye mimba haiishi mpaka ajifungue, hilo nalijua tangu utotoni. Lililonitia homa ni mirathi. Tulikwenda kwa kadhi, akatueleza waziwazi: akizaliwa wa kike, wale ndugu wana fungu lao, na nyinyi mtapata kitu. Akizaliwa wa kiume, urithi ni wake na mama yake, wale ndugu hawakuwa na cha kuuza. Tukawatafuta. Walikwisha kwenda zao Kilwa na fedha yetu.

Tangu siku hiyo nikawa namtumikia mwanamke yule. Nampikia, namkanda miguu, na moyoni naomba: wa kike, ya Rabi, wa kike. Nilimwogopa mtoto ambaye hata hajazaliwa, kuliko nilivyomwogopa askari. Mume wangu alikonda, nami sikumwonea huruma hata kidogo.

Uchungu ulimshika mjane wakati mkunga yuko kwa mzazi mwingine. Nikampokea mtoto mimi. Akalia kwa nguvu, mzima wa afya. Nikamtazama.

"Wa kike au wa kiume?" mume wangu akaita kutoka barazani. Nikamfunga kitovu, nikampangusa, nikamlaza kifuani kwa mama yake.

"Haya, mpokee mwenye nyumba," nikamwambia, nikaangua kilio.