Bi Dhahabu na Mara ya Tatu

Bi Dhahabu wa mtaa wetu wa Shika Adabu alijulikana kwa mambo mawili: minazi aliyoachiwa na marehemu babake, na ulimi. Nazi alizowauzia wachuuzi wa feri ndizo zilizosomesha wanawe. Ukimwibia nazi umemwibia karo, na atakwambia hivyo mbele za watu.

Mwaka wa themanini na saba wizi ulituchosha. Wezi walikuwa walewale: wanashikwa, wanaomba radhi, wanasamehewa, na baada ya siku chache wako juu ya mnazi mwingine. Ni yeye aliyesimama mbele ya wazee akadai kanuni: mtu akishikwa mara ya tatu, apelekwe polisi bila kuulizwa neno. Wakakubali, na Kazungu akawa wa kwanza kupelekwa. Nami niseme kweli, kanuni ilifaa. Nazi zilikaa juu mpaka zikakomaa, na majirani tukaacha kushukiana.

Tsuma alikuwa keshashikwa mara mbili. Kanuni ilimtia adabu, akawa mkwezi wa Bi Dhahabu, akiangua nazi kwa ujira. Kwetu mkwezi hakati kitu kabla ya kupaza sauti, ili aliye chini ajihadhari na mwenye shamba ajue.

Siku moja Bi Dhahabu alikwenda Chaani kwa bintiye. Huku nyuma mke wa Tsuma, Mwanatatu, akashikwa na kutapika, hata maji hayakai tumboni. Tsuma akakimbilia shambani kwa tajiri wake kumtafutia madafu. Alipofika kileleni mazoea yakamshinda, akapiga ukelele: "Bi Dhahabu, nakata madafu mawili!" Mtaa mzima ukasikia, na kwa kuwa wote walijua Bi Dhahabu hayuko, watu wakaja wakamshika. Sijapata kuona mwizi aliyejiitia watu namna ile. Madafu tulimpelekea mgonjwa, na Tsuma akawekwa kumngoja mwenye mali.

Jioni wazee waliketi barazani kwa Bi Dhahabu, naye karudi, buibui bado liko mwilini. Mzee Rashid, mwenyekiti wao, akamwuliza, "Ulimpa ruhusa?"

Angesema ndiyo, yangeisha. Lakini uongo hakuuweza. "Wallahi sikumpa."

"Basi ni mara ya tatu."

Mimi roho iliniuma kwa ajili ya Tsuma. Bi Dhahabu akamtazama, akasema, "Ngojani. Mwulizeni kwanza kwa nini alikata."

"Kanuni hii ni yako, Bi Dhahabu, na haiulizi. Tukianza kusikiliza sababu, kila mwizi atakuja na yake."

"Na aje nayo! Tutamsikiliza, kisha akistahili kwenda ataenda. Jioni zote hizi muna kazi gani, Bwana Rashid, ila kuninywea kahawa?"

Watu waliangua kicheko, hata Rashid mwenyewe. Tsuma akajieleza, akaachiliwa, akalia bila kuona haya. Tangu siku hiyo kanuni ikawa na swali ndani yake.

Baadaye Mwidani, mmoja wa wezi wale wa zamani, alishikwa na gunia zima la nazi, mara yake ya tatu. Tulimsikiliza mpaka tukachoka. Hakuwa na sababu ila uvivu, akapelekwa polisi.

"Mwisho si uleule?" Rashid alimwuliza Bi Dhahabu. "Jioni nzima imepotea bure."

"Uleule," akasema, akikusanya vikombe. "Lakini Kazungu, yule wa kwanza tuliyempeleka bila kumwuliza, mpaka leo sijui aliiba kwa nini."