Joto la Kimea

Katika vijiji vyote vinavyoizunguka Kongwa hapakuwa na mkono kama wa Dorothea. Wapika pombe wengine walihesabu siku: loweka uwele leo, funika kesho, fungua keshokutwa. Dorothea hakuhesabu kitu. Aliingiza mkono kwenye gunia la kimea, uwele unaoota, mpaka kiwiko, akafumba macho, akalisikiliza joto, kisha akatoa hukumu: "Bado, kiacheni mpaka jioni." Au: "Wee, geuzeni upesi, kinakosa hewa hiki, kitaoza!" Na ikawa kama alivyosema. Wanawake walimwita hata kwa pombe zao wenyewe, naye akaenda, maana alikuwa mtu wa kupenda kuitwa, tusimfiche.

Alizaliwa mwaka matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipoingia Kongwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema, na pombe ndiyo iliyomsomesha binti yake Lea mpaka darasa la saba. Halafu mwaka wa tisini na moja ukaja mkutano wa injili. Dorothea alikwenda kutazama watu, akarudi ameokoka. Kesho yake aliibeba mitungi yake minne mpaka uwanja wa kanisa, akaivunja mwenyewe kwa mchi mbele ya mwinjilisti Ebenezer na umati mzima, akaapa kwamba mkono wake hautagusa kimea tena mpaka kaburini. Vigelegele vilipigwa! Aliingia kwaya, akapewa sare, akakaa benchi la mbele. Miaka mitatu hakutetereka.

Ndipo Lea akaja na mwanawe Noeli.

Lea alikuwa akiishi Dodoma mjini, Chang'ombe, akiwapikia mafundi ujenzi. Mimba ya pili ilimwingia mapema, akamwachisha mtoto ziwa ghafla, na mtoto akaanza kunyauka. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu sasa yalijaa pomoni, maziwa ya kopo yamepangwa mpaka darini, lakini kutazama ni bure, kununua ndiyo kazi. "Mama, nakuachia," Lea alisema huku analia. "Mimi nimeshindwa." Noeli alikuwa na miezi kumi na minne, na ukimbeba hujui kama umebeba.

Majirani hawakukosa la kusema. Kabemendwa huyo, walinong'ona, wazazi wake hawakuvumilia kulala mbalimbali naye bado ananyonya. Dorothea aliwafukuza kwa ufagio. Kilichomtisha yeye hakikuwa wembamba, ni baridi. Mchana wa jua kali alimshika mgongoni akakuta ngozi imepoa. Alimfunika blanketi, akaongeza kitenge, akaongeza sweta la mitumba, na mtoto akabaki baridi vilevile. Ugali alitema. Uji mzito alitema pia, hana nguvu ya kuumeza. Basi bibi yake akampikia uji mwembamba, wa kupita wenyewe kooni, Noeli akaunywa, tumbo likajaa, akalala. Dorothea akamshukuru Mungu.

Siku ya kliniki alimpeleka zahanati. Nesi Emiliana, dada aliyehamishiwa pale hata mwaka haujaisha, alimning'iniza Noeli kwenye mizani. Kilo sita na robo. Akaweka nukta kwenye kadi, kwenye rangi nyekundu.

"Shikamoo, mama. Unampa nini huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Uji. Mwepesi, ndio anaouweza."

"Anauweza, sawa, lakini hayo ni maji yaliyopita karibu na unga. Unamshibisha maji, mama. Na mablanketi haya?"

"Ana baridi."

Emiliana alishusha sauti. "Blanketi halileti joto. Linatunza lililopo. Joto linatengenezwa ndani yake mwenyewe, na cha kutengenezea hana. Nampa wiki mbili. Asipopanda nampeleka hospitali, na sitakuficha, kwa hali hii..." Hakumalizia. Aliwageukia wanawake waliokuwa kwenye benchi. "Sikilizeni, akina mama. Kuna kitu kinachoulegeza uji mzito ukamezeka bila kuongezwa maji. Dukani hakiuzwi. Ni kimea. Nani hapa anajua kuotesha kimea kizuri?"

Wanawake wa benchi wakatazamana. Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, mpaka wote wakawa wanamtazama Dorothea. Dorothea akatazama miguu yake.

"Mimi nimeokoka, nesi."

"Hongera, mama," alijibu Emiliana, asiyejua kitu. "Na kimea je?"

Mtu mmoja akacheka. Dorothea alimfunga mtoto mgongoni akaondoka bila kuaga.

Njia ya kurudi ilikuwa ya saa nzima. Kila mama anajua kwamba mtoto mgongoni hupasha joto, ukimfungua unakuta gauni limelowa jasho. Dorothea alipofika nyumbani akamfungua Noeli, akapeleka mkono nyuma, akakuta gauni kavu. Saa nzima juani, gauni kavu! Hakuketi. Alikwenda ghalani akachota uwele, akautia kwenye beseni la maji, akasema kwa sauti, kama anayegombana na mtu: "Bwana, kama ni dhambi, andika kwangu. Mtoto usimguse."

Siku ya tatu Emiliana alikuja na baiskeli kumtazama mtoto, akamkuta Dorothea amepiga magoti mbele ya gunia la kimea lililolowa. Dorothea aliingiza mkono mpaka kiwiko. Joto likampokea pale pale alipoliacha miaka mitatu nyuma, na machozi yakamtoka, hata aibu hakuona.

"Nesi, tangu utoto najiuliza. Mbona kinapata joto na hakuna aliyekipasha?"

Emiliana naye akaingiza mkono. "Kinapumua, mama. Punje ina akiba yake ya wanga. Ikilowa inaamka, inaukata wanga kuwa sukari. Halafu ndani yake kuna seli, vyumba vidogo mno, jicho halivioni. Humo sukari inaunguzwa polepole kwa hewa, bila ndimi za moto. Nguvu inayopatikana ndiyo inayousukuma mzizi utoke. Nyingine inapotea, ndiyo joto hili."

"Ndiyo maana ukikibana kinaoza."

"Kinakosa hewa, ndiyo."

Dorothea alisita. "Na pombe?"

"Pombe siyo kazi ya kimea, ni ya chachu. Nayo ni seli, viumbe hai. Ukiifungia mtungini bila hewa haiwezi kuimaliza sukari, inaiacha katikati ya njia. Hayo mabaki ndiyo pombe."

"Loo! Kumbe wateja wangu walikuwa wanalewa makombo!" Dorothea alicheka, kicheko cha kwanza tangu Noeli aje. Kisha akaacha. "Na huyu mtoto?"

"Ni vilevile. Seli zake zina hewa tele, mama. Cha kuunguza ndicho hazina."

Kimea kikaondolewa mizizi, kikaanikwa, kikasagwa. Dorothea alipika uji mzito, mzito hasa, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Alipouepua ukapoa kidogo, akanyunyiza kijiko kimoja cha unga wa kimea, akakoroga. Mwiko ukalegea, ukaelemea pembeni, ukalala. Noeli akameza kijiko cha kwanza. Akameza cha pili. Cha tatu alikifuata mwenyewe kwa mdomo. Tangu hapo alikula nusu kikombe, mara sita kwa siku, na Dorothea akaotesha gunia jingine.

Lakini kimea kina harufu, na kijiji kina pua. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Siku ya tisa mwinjilisti Ebenezer alisimama mlangoni, Biblia kwapani, uso umemshuka. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Dorothea kama ushahidi wa kazi yake, na ndiyo maana alikuwa na huzuni.

"Bwana asifiwe, Mama Lea."

"Amina, mwinjilisti. Karibu."

"Watu wanasema umerudia."

"Pombe sijapika. Kimea nimeotesha. Hapo wanasema kweli."

"Uliapa mbele yangu, mama."

"Niliapa. Sasa lete mkono."

Hakungoja jibu. Aliushika mkono wa mwinjilisti, mkono ambao katika kwaya nzima hakuna aliyewahi kuushika isipokuwa kwa salamu, akauzamisha kwenye gunia. Ebenezer alishtuka.

"Kina joto," alisema.

"Kiko hai hicho. Sasa njoo usikie baridi ya mjukuu wangu, halafu uniambie ningefanya nini." Alimvuta mpaka mkekani, akainua sweta la Noeli, akauweka ule mkono mgongoni kwa mtoto.

Ebenezer alikiacha kiganja pale. Kisha akamtazama. "Mama Lea, mbona ana joto?"

"Nini?"

"Ana joto. Au ni homa?"

Dorothea aliusukuma mkono wake akaweka wa kwake. Alifumba macho, kama alivyofanya kwenye magunia maisha yake yote, akasikiliza.

"Si homa," alisema. "Si homa hii, mwinjilisti." Akakaa chini akalia, na Noeli akamkodolea macho.

Ebenezer alisubiri anyamaze. "Kiapo ni kiapo," alisema hatimaye, kwa upole. "Wazee wa kanisa wataniuliza."

"Waambie. Niliapa mbele ya watu, nitakemewa mbele ya watu. Ila kimea siachi."

Wiki mbili zilipotimia, mizani ilisema kilo sita na nusu, na Emiliana hakutaja tena hospitali. Wazee wa kanisa nao walikaa. Wakamtoa Dorothea kwaya, wakamzuia Meza ya Bwana miezi mitatu, wakamrudisha benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakubisha. Alirudisha sare ikiwa imepigwa pasi.

Jumapili ya mwisho ya adhabu yake Noeli alikuwa na kilo nane. Mahubiri ya Ebenezer yalirefuka siku hiyo, na mtoto, aliyeshiba uji, alilala kifuani kwa bibi yake, kichwa kimeanguka begani. Jirani yake Yasinta akamnong'oneza, "Mlaze chini, mama. Mzito huyo, utaumia."

Dorothea akatikisa kichwa. Miguu yake ilikwisha kufa ganzi, na kifuani, pale mtoto alipoegemea, gauni lilikuwa limelowa jasho. Hakumshusha.