Sikio la Kulia la Mutsinzi

Kisa hiki hamtakiamini, na wala sitawabembeleza. Nimeshasimulia uongo mwingi katika maisha yangu na watu wakaapa kuwa ni kweli tupu. Leo nimekuja na kweli tupu, na najua mtanicheka. Ni habari za mpwa wangu Mutsinzi, fundi wa magari pale Gatsata, Kigali, ambaye malaika wake humsemesha kwenye sikio lililokufa.

Msinikatize. Ninaandika haya gerejini kwao, nimekaa juu ya kiti cha basi ambalo lenyewe halipo tena, daftari juu ya magoti. Shule iliniacha darasa la tano, nikiwa bado naipenda, na tangu hapo siwezi kuandika neno bila kulitamka kwanza. Ndiyo maana nimekaa upande wa kulia wa Mutsinzi, huyo hapo aliyeinamia injini. Upande huo naweza kusema nipendavyo.

Sikio hilo liliondoka mwaka 1990, miezi michache kabla ya vita kuanza kule mpakani. Mutsinzi alikuwa amechuchumaa anajaza upepo tairi la lori la chai. Ndani yake kitu kikamwambia: Ondoka. Hakikuja kama sauti ya mtu. Kilikuja kama jina ulilolisahau linavyorudi lenyewe unapofunga viatu. Mutsinzi akajibu, kwa mdomo wake mwenyewe, "Namaliza sasa hivi."

Nani humjibu malaika namna hiyo? Mpwa wangu. Tairi likapasuka, ringi ikaruka ikatoboa bati la paa, na upande wa kulia wa kichwa chake ukafungwa kama duka siku ya msiba. Mpaka leo ukisimama kulia kwake umwite hata kwa tarumbeta, ataendelea kupaka grisi.

Sasa sikilizeni maajabu. Tangu siku ile, lile jambo la ndani likisema, linasemea kulia. Watu wote tunamwingia kwa kushoto. Malaika huyo pekee anaingia kwa kulia. Ninyi wenye masikio mawili mnahangaika usiku na mchana, mnajiuliza kama ni roho yenu inasema, au jirani, au njaa. Mutsinzi hana shida hiyo. Likitoka kulia, anajua hakuna mtu pale.

Nyumbani ni Nyamirambo, na Nyamirambo hakuna siri. Jirani yake ni Maneno, fundi cherehani mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Siku moja wametoka kuswali pamoja, Maneno akamshika mkono pale nje ya msikiti.

"Nimekuona, bwana. Unatoa salamu kulia, halafu unangoja. Unangoja nini?"

"Nangoja ajibu."

"Kwa sikio lipi? Malaika wako maskini anaongea na ukuta!"

"Ukuta huo umesikia mengi kuliko wewe, Maneno."

Maneno akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaiokota na kuuliza kwa sauti ya chini, maana yeye naye ni mtu wa dini: "Lakini kweli, ndugu yangu, huogopi kuwa ni waswasi? Shetani naye anajua njia ya masikio."

Mutsinzi akafikiri. Yeye hafikirii haraka, hiyo nayo nilimfundisha mimi. "Waswasi ananikimbiza," akasema. "Harakisha, watu wanakutazama, watasema nini. Huyu mwingine hana haraka. Anasema neno moja, ananyamaza, kama mgeni aliyekuja kukaa tu na hataki hata chai."

Basi wekeni maneno hayo mfukoni, mtayahitaji.

Gerejini Mutsinzi ana jambo lake jingine. Gari likiletwa, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaukaza kwenye mfupa nyuma ya lile sikio bovu, anafumba macho. Mfupa unasikia kile ambacho tundu halisikii. "Valvu ya tatu," anasema, na wakifungua wanaikuta ni ya tatu kweli. Madereva wa stendi ya Nyabugogo wanapanda mlima kumfuata yeye tu. Na ana sharti moja, hajawahi kulivunja: tairi halishuki chini kabla nati zote hazijakazwa. Jeki yake haishushwi na mkono mwingine. Ukiona tairi la Mutsinzi limegusa udongo, limekwisha, panda uende zako.

Mwezi wa tisa mwaka huu wa 1993, makubaliano ya amani yalikuwa yametiwa saini Arusha, na Kigali nzima ikaamua kuoa. Kila Jumamosi ni mahari, ni harusi, ni magari yenye riboni. Ijumaa moja ikaletwa Hiace ya mama Nyirahabimana, mfanyabiashara wa maharage, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti. Kesho yake gari hilo lilikuwa liwapeleke watu wake Gitarama kumposea mchumba Gisa, kijana wa kaka yake. Mutsinzi akabadilisha viatu vya breki magurudumu yote manne, saa sita akakimbia Nyamirambo kwa swala ya Ijumaa, akarudi, akamaliza, akafunga milango na kutia ufunguo mfukoni.

Jumamosi saa tatu asubuhi wakafika. Wanawake katika mushanana zao, yale mavazi ya sherehe, zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, wazee na fimbo zao, kreti za Fanta na za bia, na mtungi wa pombe ya ndizi ambao mtu aliubeba kifuani kama mtoto mchanga. Watu ishirini na wanane katika Hiace moja. Haya, kumi na sita. Gisa suti yake ilikuwa ya kuazima lakini furaha ilikuwa yake mwenyewe. Alimsalimia kila mtu gerejini mara mbili, mpaka na mbwa.

Mutsinzi akawasha injini, akaisikiliza kwa bisibisi. Safi. Ilikuwa inaimba. Akaizima, akainua mkono ampe dereva ufunguo, na palepale, kutoka kulia, ambako palikuwa na ukuta wa matofali tu:

Bado.

Mkono wake ukarudi mfukoni.

"Vipi?" akauliza patroni wake, Gakwaya, mwenye gereji, mtu mfupi aliyekuwa na haraka tangu kuzaliwa.

"Kidogo tu, patroni. Bado."

"Bado nini?"

Hapo ndipo penye taabu. Mutsinzi hakujua bado nini. Akaangalia mafuta ya breki: yamejaa. Akakanyaga pedali: ngumu, nzuri. Akalala chini ya gari, akapapasa mipira yote ya breki: mikavu. Akazunguka tairi zote nne: zimekaa chini, zimekaa sawa. Dereva akatembeza gari mita hamsini mpaka barabarani na kurudi, ufunguo ukarudi kwa Mutsinzi. Hakuna kilichogonga wala kilichovuja.

Bado, likasema tena, polepole kama mwanzo.

"Ariko, lakini wewe, Mutsinzi," akasema Gakwaya, "gari iko mzima! Toa ufunguo."

"Naomba nusu saa."

"Nusu saa!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama Nyirahabimana, na kunguru wawili wakahama paa. "Fundi, unajua wale watu wa Gitarama? Tukichelewa, msemaji wao atatusimamisha mlangoni mbele ya wageni wote, atatuuliza kama tumekuja kuposa au tumepotea njia. Mtoto wangu ataaibika! Niambie gari ina ugonjwa gani, nitakaa chini ningoje. Sema."

"Siujui bado, mama."

"Nani amekwambia iko mgonjwa?"

Mutsinzi angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, ningesema karibureta, wanawake huwa wanaogopa karibureta. Yeye akagusa sikio lake la kulia. Wafanyakazi wa gereji wakaangua kicheko, maana wote walikuwa wanajua. Mmoja akapiga kelele, "Muulize kama ana simu huko juu!"

Gakwaya hakucheka. Alimsogelea Mutsinzi upande wa kushoto, ili asikie vizuri. "Miaka tisa umefanya kazi hapa. Sikia sasa. Ufunguo mkononi mwangu, au wewe nyumbani kwako, na Jumatatu usirudi."

Basi ikabaki hivyo. Miaka tisa, mke, watoto wanne na jina lote la Gatsata upande huu. Upande ule, neno moja kutoka kwenye ukuta. Na watu kumi na sita wenye nguo za sherehe, na ile barabara ya Gitarama, ukishavuka mto Nyabarongo, kona juu ya kona na bonde likikutazama.

Akasema moyoni, audhu billahi, Mungu nikinge. Kama ni waswasi, akimbie. Ile sauti ya harakisha, watu wanakutazama, ikakimbia kweli. Lile neno likabaki pale pale, halitaki chai.

"Patroni," akasema, "Jumatatu nifukuze. Leo niache nifanye jambo moja, halafu ufunguo huu hapa."

Akauweka ufunguo juu ya boneti, wazi, kila mtu auone. Kisha mpwa wangu akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanywa Gatsata. Akafumba macho akaanza kuifanya kazi ya jana upya, bila vifaa, mikono mitupu hewani. Alipiga jeki ambayo haikuwepo. Akavua tairi la mbele kushoto, akalitoa, akalirudisha, akakaza nati zake kwa mpangilio wake, moja, akaruka, nyingine. Akaenda mbele kulia. Watu wakadhani amechanganyikiwa. Mzee mmoja akaanza kumpigia makofi ya ngoma, na wanawake wakaingia kwa sauti. Nyuma kushoto: alikaza, akashusha, akafuta mikono. Nyuma kulia: akainua, akavua, akarudisha, nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mikono ikasimama.

Miguu yake ikageuka yenyewe kuelekea njia ya kwenda mjini. Hapo akafumbua macho. Alikuwa amekumbuka: ilikuwa saa sita, Ijumaa, akatupa spana akakimbia swala. Na aliporudi, tairi lilikuwa chini. Kwa sababu tairi lake haliwi chini kabla halijakazwa, macho yake yaliliona limekwisha, yakapita. Mikono ndiyo haikusahau.

Akainama, akashika nati ya nne kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Makofi yakakoma.

"Ni mimi," akasema Mutsinzi, akisimama ili wote wamsikie. "Nililiacha katikati, juu ya jeki, na nikaliangalia tena leo asubuhi nisilione. Kosa ni langu, mama. Nisamehe."

Mama Nyirahabimana akasogea, akaijaribu nati ile kwa kidole chake chenye pete. Akatazama tairi, akamtazama Gisa na suti yake, akatazama barabara. Kisha akauliza, bila kelele kwa mara ya kwanza siku ile, "Na jeki aliishusha nani?"

Gereji nzima ikageuza shingo. Gakwaya alikuwa ameanza kukagua paa lake la bati kwa makini sana.

"Lori lilikuwa linataka nafasi," akasema mwishowe, akilitazama tundu ambalo ringi ilitoboa miaka mitatu kabla. "Nilisogeza kidogo tu."

"Jumatatu utamfukuza huyu fundi?"

"Nani kasema kumfukuza? Mimi?"

Mutsinzi akachukua spana, akakaza nati tatu zilizobaki, akazirudia za magurudumu yote, hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akasimama, kichwa kimeinama kulia.

"Sasa anasema nini?" akauliza Gisa, na macho yake hayakuwa ya utani.

"Hasemi kitu. Ameondoka."

"Basi panda na sisi," akasema mama Nyirahabimana. "Wewe na yeye. Mbele, karibu na dereva."

Akapanda na ovaroli yake yenye grisi katikati ya mushanana nyeupe, wakafika Gitarama wamechelewa saa nzima, na msemaji wa kule akawasimamisha mlangoni kweli, akawauliza kama wamepotea njia. Mzee wao akamsukuma Mutsinzi mbele. "Tumemleta huyu aeleze." Akaeleza kwa maneno kama kumi, anavyoeleza yeye. Baba wa binti akainuka, akampa kiti. Gisa akampata mchumba wake.

Lakini Mutsinzi huwa anasimulia vibaya, anaruka utamu wote, anasema eti pengine ni mikono yake tu iliyokuwa inamkumbusha. Mikono! Mimi nilikuwepo, nilisimama hatua tatu kutoka kwenye lile tairi, na nawaambia, kwa sauti kubwa maana niko kulia kwake, nati zote sita zilikuwa zimening'inia kwenye uzi mmoja mmoja, na pembeni yake, naapa, alichuchumaa mtu wa nuru, mabawa ameyakunja ndani ya ovaroli nyeupe isiyo na doa, mkononi spana ya dhahabu namba ishirini na moja, akanigeukia mimi, akaniita kwa jina, akasema, Mwambie mpwa wako kwamba—

"Mjomba, zilikuwa tatu. Na wewe siku ile ulikuwa Nyamirambo, umelala."