Kisanduku Kilichokataa Herufi B

Kila hospitali ina mtu mmoja anayejua faili liko wapi, na hospitali hii ilikuwa na Bibi Faili. Jina lake halisi lilibaki kwenye barua ya ajira tu. Miaka thelathini na mmoja alikaa masijala, chumba chenye dirisha moja na rafu zilizofika darini. Ukimpa kadi yako aliinuka, akaenda moja kwa moja, akarudi na faili kabla hujamaliza kukohoa. Alijivuna kwa hilo, na nani angemkatalia?

Utaratibu wa mapacha aliuanzisha yeye. Zamani mapacha walipewa namba mbili zilizoachana mbali, mama zao wakawa wanachanganya kadi kila kliniki. Bibi Faili akakata shauri: mapacha namba moja; aliyetangulia aipate tupu, aliyefuata aongezewe B kwa wino mwekundu. Akaanzia nyumbani kwake. Yeye 1180, na mdogo wake, aliyepishana naye dakika kumi tu kutoka tumboni mwa mama yao, 1180B. Sura zao hata mume wa mmoja aliwahi kuzikosea. Lakini faili la mdogo mtu lilikuwa na maneno ambayo la dada halikuwa nayo, makubwa, ukurasa wa kwanza: ASICHOMWE PENISILINI. Aliwahi kuchomwa mara moja ujanani, koo likavimba, akaponea chupuchupu.

Kisha zikaja kompyuta, na programu ya fundi mmoja mwenye miwani, mtu mpole, mzito wa maneno. Makarani wa mapokezi wakaivuruga siku ya kwanza. Penye sifuri waliandika herufi O, penye moja wakaandika I, faili halionekani, basi mgonjwa anafunguliwa jipya. Mzee aliyeugua kisukari miaka kumi anaulizwa kama amewahi kuugua! Bibi Faili akapandwa na hasira, akamfuata fundi.

"Fundi, hicho kisanduku cha namba kinashindwa nini kukataa herufi?"

"Hakishindwi, mama. Naweza kukifunga kipokee tarakimu tu. Mtu akibonyeza herufi haiandikiki, kinalia ting. Hata akinakili kutoka kwingine akabandika, haipiti. Lakini una hakika hakuna namba yenye herufi?"

"Mwanangu, namba ni namba. Funga."

Fundi akafunga. Usimwone Bibi Faili mjinga. Kwake ile B haikuwa namba, ilikuwa alama tu, na mapacha aliwajua kwa nyuso zao. Daktari mkuu akamsifu kikaoni, watu wakampigia makofi, naye akatembea wiki nzima na kichwa juu.

Wiki ya pili akaja mama na mapacha wake. Karani akaandika namba, akabonyeza B. Ting. Akabonyeza tena. Ting. Bibi Faili akasogea mezani kwa karani. Akauliza, na kumbe wale waliokuwa wakihamishia mafaili kwenye kompyuta walikuwa wakikuta B, kisanduku kinaikataa, wakiiacha B wanaambiwa namba hiyo ina mwenyewe, basi wanaliweka faili kando na kuendelea na kazi. Kila pacha wa pili alikuwa amebaki kwenye karatasi, na karatasi zimefungiwa stoo.

Angemwambia fundi siku ile ile yangekwisha. Hakumwambia. Makofi ya kikaoni yalikuwa bado yanamlia masikioni; aende sasa akaseme nini? Akanunua daftari, akaandika jozi sabini na nne za mapacha na mambo muhimu ya kila mmoja, akalifungia kwenye droo, ufunguo akauvaa shingoni. Pacha akija, makarani wanamwita. Na nisifiche, aliona raha kuitwa.

Mdogo wake alimtania. "Dada, kwa hiyo kwenye mashine yenu mimi sipo?"

"Upo kwangu. Mimi nikiwepo unaogopa nini?"

Siku yenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda makao makuu kufuatilia barua yake ya kustaafu, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, ufunguo kifuani. Jirani akamfikisha mdogo wake hospitali, homa inamchemsha, anaropoka. Jirani hakujua lolote ila kadi aliyoikuta mkobani. Karani akaandika 1180, akabonyeza B, ting; wa kumwita hayupo, akaiacha B. Faili likafunguka, la dada mtu. Jina la baba ndilo, mwaka wa kuzaliwa ndio, na sura je? Sura aliiona masijala kila siku. Palipoulizwa dawa zinazomdhuru paliandikwa: hakuna. Muuguzi akachoma sindano kama alivyoandikiwa.

Bibi Faili alirudi saa tisa na barua yake mkononi. Alikuta shuka limeshavutwa hadi juu.

Watu walimlaumu karani, wakamlaumu muuguzi, wakailaumu kompyuta. Yeye alinyamaza mazishini, akanyamaza baada ya mazishi. Siku ya kumi na mbili aliingia ofisini kwa fundi, akaweka daftari mezani, akamwaga mtama wote, tangu makofi hadi ufunguo.

Fundi alilifunua ukurasa kwa ukurasa. Miwani ilimshinda, akaivua.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Ilikuwa kazi ya robo saa."

"Ifanye."

Akaifanya mbele yake. Akafuta mistari michache, akaandika mingine, ili kisanduku kipokee tarakimu na mwishoni, ukipenda, herufi moja. Hata robo saa haikutimia. Bibi Faili alikuwa akiitazama saa ya ukutani muda wote, akamchukia fundi kwa wepesi ule, kisha akajichukia mwenyewe zaidi.

"Jaribu," fundi akasema, akampisha kiti.

Hakufikiria aandike namba gani. Moja, moja, nane, sifuri. Akabonyeza B. Hakukuwa na ting. Herufi ikakaa mahali pake, nyeusi, imetulia. Akabonyeza kutafuta, na mashine ikamjibu: Hakuna mgonjwa mwenye namba hii.