Kiingereza cha Simiyu Siku ya Posa

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi tuliyokwenda Kiminini kumposea ndugu yangu Simiyu binti aitwaye Wanjiru. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa Kiingereza chake, maana kanisani kwetu Ndalu nilizoea kusimama kando ya wahubiri wageni, wao wakisema Kiingereza, mimi nikiwageuzia waumini kwa Kiswahili.

Tulikula tukashiba, chai ikamiminwa. Ndipo baba yake Wanjiru akauliza swali moja tu: binti yake akiolewa, ataachwa amalize masomo ya uuguzi? Wanjiru alikuwa mlangoni na birika, akasimama tuli. Asingeruhusiwa kusoma, asingeolewa.

Basi mwanangu, ndugu yangu akatoa karatasi, akaanza kuisoma kwa Kiingereza! Swali hilo alilitarajia, naye ndio kwanza ametoka chuo kikuu. Sentensi ya kwanza ilikwenda bila nukta mpaka nikahofia pumzi yake. Kila neno fupi alikuwa amelifukuza, akaweka refu. Akataja falsafa, akataja mustakabali wa jamii, kisha akayarudia yaleyale kwa maneno mengine. Wazee wetu walitikisa vichwa kwa fahari. Mimi jasho lilinitoka.

Alipomaliza, wote wakanigeukia.

"Amesema nini?" mzee akauliza.

Ningeweza kubuni jibu tamu, lakini Wanjiru alikuwa ananitazama.

"Baba, amesema mengi," nikamjibu. "Lakini jibu mimi sijasikia."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee akapangusa macho. "Kijana, hiyo Kiingereza ni mzuri, bana. Weka chini kwanza. Atasoma ama hatasoma?"

Simiyu akaikunja karatasi. "Atasoma, baba. Hata kama ni mimi nitabaki nyumbani nikipika, atasoma."

Hapo hawakunihitaji tena. Wanjiru akapiga kigelegele mwenyewe, jambo ambalo mposwa hafanyi, na mama zake wakampokea. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Sasa umeniletea insha yako ya Kiingereza, nami nimeisoma yote. Unajua mengi, na najivunia. Lakini jiulize msomaji anangoja kujua nini, umjibu hilo mapema, kwa maneno anayoyatumia yeye. Neno refu lije pale tu fupi halitoshi. Sentensi ikikulazimu kupumua mara mbili, ikate. Usiogope kuonekana hukusoma, mwanangu. Akikuelewa, atajua umesoma.

Nenda ukaipunguze. Mungu aubariki mkono wako, akupe la kusema na watu wenye hamu ya kulisikia, na ukienda kuposa, ukubaliwe kwa neno moja.