Aliyekula Kamba Nyumbani Kwetu Walthamstow

Mtasema nilikuwa nimechoka, au nilisinzia mezani. Sikusinzia. Mimi na binti yangu Nuru tulikuwa macho, tumekaa meza moja na kile kitu, hapa hapa London, kwenye fleti yetu ya Walthamstow.

Mume wangu, Salim, ni dereva wa basi. Kamba hali kabisa. Akionja tu, midomo inamvimba na pumzi zinambana, kwa hivyo kwetu kamba hawapikwi ila siku ambayo yeye yuko kazini. Jumapili hiyo ya Januari alikuwa na shifti mpaka usiku. Nikaona, basi, leo ndiyo siku yetu.

Jirani yetu wa chini, Bi Keiko, mama wa Kijapani anayeishi peke yake, ndiye aliyenifundisha kupika nabe. Ni chungu kinachochemka katikati ya meza, kila mtu akajichotea. Unaloweka kipande cha mwani mkavu, unapasha maji polepole, unautoa kabla hayajachemka, kisha unatia mchuzi wa soya kidogo. Halafu kabichi, uyoga, vipande vya samaki, kome, na mwisho kamba, wazima na vichwa vyao. Yeye hutia na mvinyo wa mchele. Mimi situmii, na wala hakuona tabu kunionyesha namna ya kuuacha.

Nje kiza kilishaingia ingawa ilikuwa alasiri tu, wajua majira ya baridi ya huku. Chungu kinatokota juu ya jiko dogo la gesi, Nuru anahangaika na vijiti, tunacheka. Nikasikia ufunguo mlangoni. Akaingia Salim. Koti lake la kazi, mwendo wake, hata kikohozi chake. Ila hakutoa salamu. Alivuta kiti akakaa.

"Mbona mapema?" nikamuuliza.

"Nina njaa."

"Ngoja nikukaangie mayai. Humu mna kamba."

"Nipe bakuli."

Nikadhani ananitania. Nikampa. Akaingiza vidole kwenye mchuzi unaotokota, akatoa kamba, akawajaza bakulini, akaanza kuwatafuna na maganda yao. Hakupuliza. Nilikuwa namtazama midomo, nasubiri ivimbe. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikaa kama gogo.

Nuru alizaliwa huku. Kiswahili anakielewa, lakini miaka yote nikimsemesha hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinishika mkono chini ya meza, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Mama, twende kwa Bi Keiko."

Nikasema tunakwenda kuomba chumvi. Yule hakuinua kichwa.

Jikoni kwa Bi Keiko nikampigia Salim simu. Akapokea.

"Mama Nuru, kuna nini? Niko gereji, napumzika kidogo."

Nikasikia injini za mabasi nyuma yake. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye fleti yangu, kiti kikaburutwa, nyayo zikatembea hadi chumba chetu cha kulala. Bi Keiko aliacha kukausha vyombo, akatazama dari.

Kulipotulia tulipanda sote. Hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa bado unawaka, chungu kikavu, na hakuna ganda hata moja. Kitanda chetu kilikuwa kimelaliwa, upande wa Salim.

Aliporudi usiku nilimweleza yote. Akatazama lile bakuli la tatu, akatazama kitanda, na niamini, nilijua anachokiona: mwanamume amekula kwangu na kulala kwangu. Bi Keiko alimwambia alichosikia, lakini yeye alisikia nyayo tu. Nuru naye alimwambia, "Ulikuwa wewe, Baba, lakini hukuwa wewe," na hilo likazidi kuharibu.

Tangu siku hiyo Nuru hamkimbilii baba yake mlangoni. Salim analala sebuleni. Juzi aliniuliza taratibu, bila hasira:

"Niambie tu, alikuwa nani?"

Nikamjibu ukweli, kwa sababu sina mwingine. "Alikuwa wewe."

Akazima taa.

Nawe unayesoma, mtu wako akirudi saa isiyo yake, usione haya kumpigia simu, hata kama amesimama mbele yako. Mpigie, usikilize inaita wapi.