Jina Ambalo Mama Hawezi Kulitamka

Nilikaa kiti cha mbele kule Tororo, mbele ya bendi, wanajeshi na mgeni rasmi, kwa sababu mama yangu ni mkamwana. Hakuna sababu nyingine. Mimi darasani nikiulizwa swali huwa najibu nikilitazama dawati.

Babu, ambaye nyumbani sote tunamwita Kuka, alikuwa amealikwa kwenye sherehe ya taifa kuvishwa nishani ya vita. Walisema kila mzee aje na mtu mmoja wa kumshika mkono. Kuka alimhitaji kweli mtu huyo: goti lake moja halikunjiki, na masikio yake yaliharibika ujanani, bomu lilipopasuka karibu naye. Baba alikuwa safarini na lori. Akabaki mama. Lakini kwetu mke hakai bega kwa bega na baba mkwe wake, hamshiki mkono, na jina la mzee halipiti mdomoni mwake kabisa. Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, ila kwa jambo hilo pande zote mbili ni kitu kimoja. Akimpelekea Kuka chai anaiweka mezani, kisha anarudi kinyumenyume. Basi ikawa mimi.

Wiki nzima niliogopa. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Kuka alikwisha kuahidiwa nishani hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara akarudi na kifua kitupu. Majirani wakaanza kumtania kwamba anafuata wali wa serikali tu. Safari hii alipiga koti lake pasi mwenyewe, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Ikipita leo, mimi narudi hapana." Kisha akanipa kazi yangu. "Mimi sikio mbaya. Wewe sikiliza. Wakiita mimi, finya mkono, tunakwenda."

Uwanjani jua lilikuwa kali na ule mwamba wa Tororo ulionekana kama umesogea karibu utazame. Mama aliwekwa nyuma yetu chini ya hema, kwenye kamba ya kuzuia watu, pamoja na jamaa wengine. Mtangazaji alikuwa anataja cheo kwanza, halafu jina, na mzee anainuka. Wengine walikwenda kwa fimbo, mmoja alibebwa na wanawe. Kila jina likiitwa moyo wangu unaruka, kisha unatulia. Si yeye.

Halafu akaitwa sajenti mmoja, jina ambalo sijawahi kulisikia. Hakuna aliyeinuka. Mtangazaji akarudia. Hata mimi niligeuka kumtafuta mzee huyo, nikamhurumia, nikasema moyoni kwamba mtu aliyekuja naye lazima amesinzia. Kuka alikuwa anaangalia tarumbeta za bendi, ametulia kama yuko kanisani.

"Kama hayupo, tunaendelea," mtangazaji akasema.

"Yupo, afande. Yupo hapa."

Ilikuwa sauti ya mama. Mama huyu akienda ziwani Majanji kununua samaki, wavuvi wanamsikia wakiwa bado majini, lakini mbele ya Kuka hunong'ona tu. Askari aliyesimama kwenye kamba akamwambia ataje jina la mzee wake. Nilimwona mama akifungua mdomo, akaufunga. Watu wakaanza kugeuka. Askari akarudia, safari hii kwa ukali kidogo. Mama akanyoosha mkono wote, moja kwa moja kwangu.

"Ni yule aliyeshikwa na binti yangu. Baba wa nyumba yetu. Wewe mtoto, mfinye."

Hema zima lilicheka. Nikamfinya. Kuka aliinuka kwa nguvu hata nikabaki namfuata mbio.

Watu wananiuliza nilijisikiaje mbele ya umati ule. Ukweli ni kwamba sikuuona. Niliangalia goti lake tu. Mgeni rasmi alipombandika ile nishani, Kuka alipiga saluti, mkono ukakaa imara. Tuliporudi kitini nilivuta pumzi kama mtu aliyetua jerikeni la maji kutoka kichwani.

Nyumbani, wageni walipopungua, Kuka akauliza kwa nini watu walicheka. Ikabidi niseme. Nilikuwa nasubiri jina lake la ubatizo, kwa sababu ndilo pekee nililolijua. Hilo walilosoma ndilo aliloandikishwa nalo jeshini, alilopewa alipozaliwa. Hapa kwetu yeye ni Kuka, kwa majirani ni Mzee, na bibi hadi anakufa alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mama aliambiwa alipoolewa, ili aliepuke; mimi ningelisikia wapi?

Kuka akacheka mpaka akakohoa.

"Mtoto nakula ugali yangu tangu azaliwe, jina yangu hapana jua."

Akanieleza kwamba waliokuwa wakimwita hivyo ni kaka zake na wenzake wa vitani, na wote wamekwisha kuzikwa. Miaka mingi hakuna mtu amelitamka. Na leo, mara moja tu, limepigwa kwenye vipaza sauti Tororo nzima isikie, na yeye hakusikia.

Akaisogeza nishani kidogo kifuani, akainamisha sikio lake lenye nafuu. "Sasa ita wewe."

Mama akainuka haraka, akasema anafuata chai jikoni. Birika lilikuwa mezani, limejaa.

Nikalisema. Kuka akatikisa kichwa, hajasikia. Nikalisema tena, kwa sauti ambayo walimu wangu hawaijui, hadi mbuzi akashtuka uani.

"Niko," Kuka akajibu, amekaa wima kitini.

Akataka nirudie. Nikarudia, na kila mara akajibu, mpaka mama akauliza kutoka jikoni kama tumemaliza, arudi.